Flashi za bei nafuu: kabla hujatoa hela, tazama juu ya kamera yako

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo mezani nina flashi tano, na hakuna hata moja iliyotengenezwa na Canon, Nikon wala Sony. Zote zinatoka kampuni za Shenzhen, China: Neewer, Yongnuo na Godox. Nimezichagua kwa sababu ndizo mpiga picha anayeanza anaweza kuzimudu. Flashi ya Canon ya 600EX II-RT ilipotoka mwaka 2016 ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 500. Kwa hela hiyo watu wengi wa kazi hii wananunua kamera na lenzi, na chenji inabaki.

Lakini kabla sijashika flashi yoyote, nataka tuanze na kamera. Ujumbe ninaopata sana kwenye chaneli hii unafanana. Mtu amejichanga, amenunua kamera yake, ameenda Kariakoo au Luthuli kule Nairobi, amechukua flashi ya bei ya chini. Anafika nyumbani, anaichomeka, anapiga picha, kimya. Ukibonyeza kitufe cha majaribio cha flashi, inawaka. Kamera nayo inapiga vizuri. Vikikaa pamoja, giza. Anairudisha dukani, muuzaji anaichomeka kwenye kamera nyingine, inawaka, basi ugomvi unaanza. Ndugu yangu, muuzaji hajakudanganya. Flashi ni nzima na kamera ni nzima.

Ngoja nisogeze kamera hapa karibu muone. Hii ni Canon 2000D. Hapa juu pana hotishu, hii reli ya chuma unapoingizia mguu wa flashi. Mnaona nukta hizi nne ndogo za chuma? Sasa tazameni hapa katikati. Pamezibwa plastiki tu. Na hii nyingine ni Canon 700D, kamera ya zamani kidogo. Katikati kuna nukta moja kubwa ya chuma, na pembeni zile nne ndogo. Hiyo kubwa ndiyo inayoiambia flashi "waka sasa", na ni ileile kwenye kamera nyingi duniani kwa miaka mingi. Zile ndogo ni za mazungumzo ya ndani kati ya Canon na flashi inayoelewa lugha ya Canon.

Canon waliiondoa nukta ya katikati kwenye 2000D na 4000D, zote za mwaka 2018, kisha 250D ya mwaka 2019. Na angalieni majina, maana kamera hizi zikija na mzigo wa nje zinabadilika: 2000D inaitwa pia 1500D au Rebel T7, 4000D inaitwa 3000D au Rebel T100, na 250D inaitwa 200D II au Rebel SL3. Ni kamera zilizojaa madukani kwetu kwa sababu bei yake ni rafiki. Mimi uamuzi ule sijaupenda mpaka leo. Umemuumiza mtu wa kipato cha chini, yule ambaye hawezi kununua flashi ya Canon, na ndiye aliyenunua kamera ile.

Ukiwa na mojawapo ya hizo una njia mbili. Ya kwanza ni kununua flashi yenye TTL (yaani kamera na flashi zinapima zenyewe nguvu inayotakiwa) ya toleo la Canon, ile yenye herufi C mwishoni mwa jina. Hapa kuna sharti: siyo zote zinakubali, nyingine zinahitaji programu yake ya ndani isasishwe kwanza kwa kompyuta. Kwa hiyo nenda dukani na kamera yako mkononi, ichomeke hapohapo, piga picha, ikiwaka ndipo utoe hela.

Njia ya pili ni ya bure na inashangaza watu. Hata hizi flashi za bei ya chini kabisa zina jicho dogo mbele, na zina hali mbili zinaitwa S1 na S2. Flashi ikiona flashi nyingine imewaka, nayo inawaka. Inua ile flashi ndogo ya kamera yenyewe, ingia kwenye menyu uishushe nguvu mpaka mwisho, kisha weka flashi yako pembeni kwenye stendi ikiwa S2. Kwa nini S2 na siyo S1? Kwa sababu flashi ya kamera huwaka mara mbili: mara ya kwanza kupima, mara ya pili kupiga. S1 inadanganyika na ule mwako wa kupima, inawaka mapema na picha yako inatoka na giza. S2 inauruka wa kwanza, inafuata wa pili. Kwa picha za familia sebuleni, pasipoti, bidhaa za dukani, inafanya kazi vizuri sana. Kwenye harusi usijaribu. Kila mpiga picha mwingine ukumbini akiwasha flashi yake, na yako inaitika.

Jambo lingine la usalama kabla ya kuendelea. Ukipewa flashi ya zamani ya mzee, zile Vivitar 283 za miaka ya 1970 kwa mfano, usiichomeke kwenye kamera ya kisasa. Baadhi ya zile zinatoa zaidi ya volti 200 kwenye ile nukta ya katikati, na kamera nyingi za kidijitali hazikutengenezwa kuhimili hivyo. Na flashi yoyote, mpya au ya zamani, usimpe fundi wa simu aifungue. Ndani kuna kapasita inayobeba kama volti 300, na inabaki nazo hata betri zikitolewa.

Haya, tuje kwenye flashi.

Hii ya kwanza ni Neewer TT560. Bei yake inazungukia dola 30 hadi 40. Haina skrini, ina taa ndogo nyuma zinazoonyesha ngazi 8 za nguvu. Haina zumu ya kubana au kutanua mwanga, haina redio ya kuongozwa kutoka mbali, haina TTL. Kama unajifunza tu mwanga unavyofanya kazi, inatosha. Kama unataka kulipwa kwa picha, ongeza hela kidogo, sitakuficha.

Ya pili, Yongnuo YN560 IV. Hii naipenda kwa jambo moja: ina redio ndani, ya kupokea na ya kutuma pia. Ukiwa na mbili, moja unaikalisha juu ya kamera, nyingine kwenye stendi, na ile ya juu inaiongoza ya pembeni bila kununua triga, kile kifaa cha redio kinachokaa juu ya kamera kuongoza flashi. Nguvu inashuka mpaka 1/128 ya nguvu kamili, zumu inatoka 24 mpaka 105. Haina TTL na haina HSS, yaani uwezo wa flashi kufuata kasi kubwa za shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufungwa unapopiga. Ni mashine ya mtu anayepanga kila kitu kwa mkono.

Ya tatu, Godox TT600, dola 60 hadi 70 hivi. Nayo ni ya mkono, nguvu mpaka 1/128, zumu mpaka 200. Ukiisoma kwenye boksi imeandikwa HSS mpaka 1/8000, na hapo wengi wanapotea. Ikikaa juu ya kamera, HSS haipo. Inapatikana tu ukiitoa pembeni na kuiongoza kwa triga ya Godox, na kamera yako nayo iwe inakubali. Mwenye Nikon D3500 au D5600 asilipie HSS hata senti moja, kamera hizo hazina. Mwisho wenu ni shata ya 1/200 ya sekunde, mkizidisha mtaona mstari mweusi umekula sehemu ya picha. Na mwenye Sony asichukue TT600 ya kawaida, kuna yake, TT600S.

Ya nne ni Godox TT685II, kwenye dola 130. Hapa ndipo TTL inaanza. Ya tano ni V860III, dada yake, ambayo badala ya betri nne za AA ina betri yake ya lithiamu inayotoa karibu miako 480 ya nguvu kamili kwa chaji moja. Mpiga picha wa harusi, kama mfuko unaruhusu, nenda moja kwa moja hapo.

Sasa nguvu. Kwenye boksi utaona GN60, GN58, GN38; GN ni namba ya nguvu ya flashi. Namba hiyo ukiigawanya kwa f ya lenzi (namba ya tundu linalopitisha mwanga) unapata umbali kwa mita ambao mwanga unafika ukiwa ISO 100 (ISO ni kamera inavyohisi mwanga). GN36 kwa f/4 ni mita 9. Ukipanda ISO 400, umbali unakuwa mara mbili, mita 18. Ila angalieni jambo hili: Godox TT600 inaandikwa GN60 zumu ikiwa 200, na Yongnuo inaandikwa GN58 zumu ikiwa 105. Zumu ikiwa 200 mwanga umebanwa kwenye njia nyembamba, lazima namba ipande. Kwa hiyo ile GN58 haijashindwa na ile GN60 hata kidogo. Mtu akikuuzia kwa namba pekee, muulize ni kwa zumu ipi.

Na kwa nini HSS inagharimu? Chukua jua la Dar la saa sita mchana. ISO 100, shata 1/200, unalazimika kwenda f/11 ili picha isiungue. Kwa f/11 ukuta na waya za umeme nyuma ya bibi harusi vinaonekana vyote. Ukitaka f/2.8 ili nyuma kufifie, shata lazima ipande mpaka kama 1/3200, na huko bila HSS flashi haikufuati. Lakini HSS inakula nguvu nyingi. Flashi ndogo hizi utalazimika kuzisogeza karibu kabisa na sura ya mtu.

Nirudi kwenye TTL, maana ndipo kazi yetu ya harusi ilipo. TTL inataka kila kitu kiwe na mwanga wa wastani, haijui shela ni nyeupe. Bibi harusi akijaza fremu na shela lake, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza flashi, shela linatoka la kijivu na uso unazama. Ongeza flashi +1 kwenye menyu. Bwana harusi akiwa na suti nyeusi na nyuma yake ni usiku, kamera inafanya kinyume: inamwaga mwanga, na ngozi yetu nyeusi inapauka, ule mng'ao wake mzuri unapotea. Hapo punguza, -2/3 au -1. Ukiona hata baada ya hayo mambo yanayumba kati ya picha na picha, toka TTL, weka nguvu kwa mkono. Watu wakiwa wamekaa meza kuu, umbali haubadiliki, mkono unashinda.

Kudundisha mwanga kwenye dari nako kuna mambo yake kwetu. Kumbi nyingi dari limefunikwa vitambaa vya mapambo. Ukidundisha kwenye kitambaa cha zambarau, ngozi za watu zinarudi za zambarau, na hakuna kuhariri kutakakozirudisha sawasawa. Chini ya turubai jeupe dundisha utakavyo, hakuna dari tamu kuliko hilo. Kwenye turubai la bluu au nje usiku, toa flashi pembeni kwenye stendi na mwavuli mweupe.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane kuhusu redio. Triga za Godox, X2T kwa mfano, zinauzwa kwa herufi: C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony, F ni Fujifilm, O ni Olympus na Panasonic. Lakini triga ya Sony juu ya kamera ya Sony inaiongoza flashi ya toleo la Canon iliyo kwenye stendi, na TTL yake inafanya kazi. Vijana wengi wanaanza na Canon 2000D, baadaye wanahamia Sony. Ukiwa umejenga na mfumo huo, siku ya kuhama unabadilisha triga tu, flashi zote za stendi zinabaki kazini. Kwa sababu hiyo, kati ya Yongnuo na Godox kwenye bei zinazokaribiana, nawashauri Godox.

Betri. Nunua za kuchaji aina ya NiMH, kama Eneloop. Zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, usiogope, zinaijaza flashi haraka kuliko zile za kutupa. Ukikuta AA ya NiMH imeandikwa 4000 mAh, iache hapohapo, namba hiyo ni ya uongo. Na kuna betri za lithiamu za 14500, umbo lake ni kama AA kabisa ila ni volti 3.7. Nne ni karibu volti 15 kwenye flashi inayotaka 6. Utaiua.

Ukifika dukani: washa flashi, iweke nguvu kamili, bonyeza majaribio mfululizo mara kadhaa usikilize inavyojijaza. Zungusha kichwa, kisilegee. Ishushe mpaka 1/128 uone kama mwako unapungua kweli kila ngazi. Angalia mguu, nukta zake zisiwe zimechubuka wala kupinda. Kisha ichomeke kwenye kamera yako wewe, piga picha, uikuze kwenye skrini. Omba risiti iandikwe modeli kamili pamoja na herufi yake ya mwisho, maana ukitaka kubadilisha kesho, herufi hiyo ndiyo itakayoamua.

Kama kamera yako sijaitaja leo, niandikie modeli yake hapo chini, na uniambie kama nukta ya katikati ipo au haipo, nitakujibu ni flashi ipi inaingia.