Laini ya umeme ya mtaani kwetu Kunduchi: waya mpya, kunguru walewale

Mimi ni fundi wa mageti, natumia umeme wa njia tatu, kwa hiyo laini inayopita mtaani kwetu naifahamu kuliko mtu wa taa na feni. Hapa naongelea laini yenyewe. Bei ya luku tuiache.

Zamani zilikuwa nyaya tupu, zimelegea. Upepo ukivuma zinagusana, cheche, fyuzi ya transfoma imekwenda. Kibaya zaidi kilikuwa nyutro, waya wa kurudishia umeme. Ikikatika hiyo, fezi, yaani njia, yenye watumiaji wachache inapanda kutoka volti 230 kuelekea 400, friji na runinga zinaungua, huku ng'ambo ya barabara taa zinafifia kama vibatari.

Sasa tumefungiwa nyaya zilizosokotwa, zenye ganda jeusi. Tawi la mwembe linazilalia usiku kucha na asubuhi nachomelea kama kawaida. Hata wa kujiunganishia kinyemela wamepungua.

Balaa limehamia juu, kwenye laini ya kilovolti 11 inayolisha transfoma. Hiyo bado ni tupu, nasi tuko karibu na bahari. Kiangazi kizima chumvi na vumbi vinaganda kwenye vikombe vinavyotenga waya na nguzo; manyunyu ya kwanza ya vuli yakidondoka, kikombe kinachirizika cheche za buluu, mtaa giza. Mvua kubwa ina nafuu, inaviosha.

Halafu kunguru, viota vyao vinapigisha shoti. Siku mafundi waliposhusha kiota cha nguzo ya kona nilisogea kukitazama: vijiti vichache, kingine chote waya wa kufungia nondo, na hanga la nguo katikati. "Bosi, hawa wanaiba saiti, lawama tunabeba sisi," akaniambia mmoja. Muda si mrefu wakajenga tena, nguzo ileile.

Wataalamu hupima mambo mawili: kwa wastani mteja anakatikiwa mara ngapi kwa mwaka, na anakaa gizani saa ngapi. La kwanza naipa nyota mbili kati ya tano. La pili nne, maana hitilafu ya juu fundi anaiona akiwa barabarani. Kebo ya ardhini ikiharibika, mpaka watafute pa kuchimba.

Kwa hiyo mwenye friji za samaki apange fremu huku bila wasiwasi, ila aweke friji gadi, kifaa kinachochelewesha umeme kuingia kwenye friji, maana umeme unaokatika na kurudi papo hapo unaua kompresa. Wa steshenari asije bila UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika.