Saa janja na mshauri wa afya kwa simu: uzoefu wangu na kansa ya damu nikiwa Lindi

Nina lukemia sugu, ile madaktari wanayoiita CML. Naishi Lindi Mjini na kliniki yangu iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kwa basi, kwa hiyo kati ya kliniki moja na nyingine najichunga mwenyewe. Mpwa wangu ndiye aliyenishikilia: "Shangazi, vaa saa janja, halafu ujiunge na hawa washauri wa afya." Jina la kampuni siliweki. Saa hizi karibu zote hufanya kazi kwa namna moja, na nitakayoyasema yatamfaa hata mwenye ya aina nyingine.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kitu kidogo kabisa: mtikisiko wa mkononi saa mbili usiku. Nameza imatinib, miligramu 400 kila siku, baada ya chakula na maji glasi kubwa. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, na tangu hapo watu wengi wenye CML wanaishi na ugonjwa wao miaka na miaka, ila mpaka uimeze bila kurukaruka. Na siku unazojisikia mzima ndizo unazoisahau. Mimi ni fundi cherehani, simu huwa imefunikwa na vitambaa vya wateja hata isisikike. Saa ikinitikisa, naacha kushona, nakula, nameza.

Kinachofuata ni mapigo ya moyo ukiwa umetulia. Damu ikipungua, moyo hulazimika kuizungusha haraka hiyo iliyopo. Yangu yalikuwa yanapanda polepole, nami nikijua ni joto tu na msimu wa sare za shule. Mshauri, binti mmoja mwenye sauti ya upole, aliuona mstari wa mapigo yangu unavyopanda akanitumia ujumbe wa sauti: "Mama, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kapime FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu, hapo hapo Lindi." Kweli, HB, yaani kiwango cha damu, ilikuwa imeshuka. Saa yenyewe haiwezi kujua kama una upungufu wa damu. Ilichonipa ni sababu ya kwenda maabara mapema.

Hapa pa oksijeni naomba tuelewane vizuri, maana wengi ndiyo namba wanayoiangalia kwanza. Siku zote hizo nilizokuwa napanda ngazi nikihema, saa iliandika 97, 98. Haikuwa mbovu. Kipimo kile kinatazama chembe nyekundu ulizonazo zimejaa oksijeni kwa asilimia ngapi, hakihesabu unazo kiasi gani. Mabasi mawili yakitoka stendi yamejaa, ni asilimia mia, lakini waliosafiri ni wachache. Tena utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa hata vipimo vya kidoleni vya hospitali vinaweza kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo kwa wagonjwa weusi. Basi ukihema na saa inakuambia uko vizuri, iamini pumzi yako.

Joto nalo msilitegemee. Saa husoma ngozi ya mkono, na ngozi ya mtu wa pwani mchana wa Desemba inajulikana. Mimi nina kipimajoto cha kawaida. Niliambiwa ikifika 38 nisikae nyumbani, na nikifika hospitali nitangulize kusema nina kansa ya damu, kwa sababu huku kwetu homa yoyote hukimbiliwa kuitwa malaria.

Hatua ndizo za kuchekesha. Nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, saa inanihesabia matembezi! Nikibeba ndoo kichwani nikiishika kwa mkono wenye saa, inanyamaza kana kwamba sijatoka ndani. Inafuata mkono, haijui miguu.

Kuhusu ushauri, kuna wa aina mbili na tofauti yake ni kubwa. Ule unaotumwa na programu wenyewe haujui uko wapi: kula salmoni, kula bluuberi. Hapa Lindi! Nilimwandikia yule binti kwamba mimi nina mbaazi, samaki na ming'oko, akapanga humo humo. Akaniuliza macho yanavimba asubuhi? Yanavimba, dawa hii hukusanya maji mwilini. Akanitaka nipime uzito kila wiki, na ukiruka ghafla niwaambie kliniki. Akanikataza mabalungi, maana hufanya dawa iwe nyingi kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa. Uchovu hakuniambia niulalie. Alinianzisha kutembea kidogo ufukweni jua likipoa. Uchovu haujaisha, ila umepungua.

Faida nyingine niliiona Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Kusini kule Somanga. Kliniki nikaikosa. Nilituma kwa WhatsApp majibu ya FBP, uzito na mapigo ya moyo, daktari akapata pa kuanzia.

Mabaya: programu ni ya Kiingereza mwanzo mwisho, mpwa ndiye aliyeniwekea. Inakula bando. Umeme ukikatika saa inazima na usiku wote unapotea. Na wakati wa kujiunga kuna ruhusa ya kuwapa watu wengine taarifa zako za ugonjwa, tayari imewekewa alama ya kukubali. Iondoeni. Mimi niliiondoa na huduma ikaendelea vilevile.

Nimeendelea kulipia mshauri tu, kifurushi cha lishe nimekiacha. Mwenye fedha ya kitu kimoja anunue kipimajoto kwanza. Na mkienda kununua saa, muulizeni muuzaji kama kumbukumbu zake zinatoka kwenye faili la kuchapa stationari, maana daktari mwenye foleni ndefu mlangoni hana muda wa kupekua simu yako.