Karata za plastiki na mchezo wa Wezi Arobaini: uzoefu wangu

Mimi ni fundi wa nguo hapa Umoja, Nairobi. Mchezo huu niliuanzia kwenye simu, katika programu ya bure yenye solitea (michezo ya karata ya mtu mmoja) za kila namna, nikiwa nangoja mteja aje kujaribu nguo. Unaitwa Wezi Arobaini kwa sababu ya karata 40 zinazotandazwa mwanzoni. Wengine huuita Napoleon wa Saint Helena, kisiwa ambako mfalme huyo wa Ufaransa alifungiwa tangu 1815 hadi alipofariki 1821.

Programu yenyewe haikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa kile kitufe cha kurudisha hatua. Nilikuwa nikikosea nabonyeza, nikikwama nabonyeza mara kumi, mwisho nashinda bila kujua nimeshindaje. Jioni moja stima ilipotea mtaa mzima, simu ikazima, na nikajikuta naitazama meza yangu ya kukatia vitambaa. Wiki hiyo hiyo nikanunua pakiti mbili za karata katikati ya jiji.

Za kwanza zilikuwa za karatasi, na siwezi kumshauri mtu azinunue kwa mchezo huu. Mikono ya fundi haikosi mafuta ya cherehani. Baada ya wiki tatu pembe zilikuwa zimechakaa kiasi kwamba ree (karata yenye herufi A) moja ya shupaza naitambua kwa mgongo wake. Katika mchezo ambao karata 64 zinakaa rundoni zikiwa zimefunikwa, na hutakiwi kujua ipi inafuata, hilo linaharibu kila kitu. Nikarudi kununua za plastiki, shilingi 450 kila pakiti, na hizo ndizo ninazozizungumzia hapa.

Kwanza mchezo. Unachanganya pakiti mbili bila jokari, jumla karata 104. Unapanga safu kumi, kila safu karata nne, zote zikiwa wazi. Lengo ni kujenga marundo manane pembeni, kuanzia ree hadi mfalme, kila rundo aina moja: shupaza, kopa, uru au pau. Majina hayo nilifundishwa na mjomba aliyefanya kazi Mombasa, na asili yake ni Kireno. Wateja wangu wengi hapa husema moyo badala ya kopa na maua badala ya pau, na mchezo haubadiliki. Kwenye safu unashusha kwa aina ileile: saba ya kopa hukaa juu ya nane ya kopa tu. Unasogeza karata moja moja. Ukikwama unafunua moja kutoka rundo la zile 64 zilizofunikwa. Isipopata mahali inakwenda kwenye rundo la kutupia, ambako ni ile ya juu tu unayoweza kuitumia. Zile 64 zikiisha zimeisha, hazirudiwi.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni rahisi kuliko solitea ya kawaida, kwa kuwa safu zote unaziona. Lakini hesabu kidogo. Katika solitea ya kawaida, ambako nyekundu na nyeusi hupishana, saba ya kopa inapokelewa na nane mbili nyeusi kati ya karata 52. Hapa inapokelewa na nane mbili za kopa kati ya karata 104. Nafasi imekatwa nusu, na bado huruhusiwi kuhamisha karata kadhaa kwa pamoja.

Kosa lililonifundisha zaidi nalikumbuka vizuri. Safu ya tatu iliishia na nane ya kopa, na chini yake palikuwa na ree ya pau. Saba na sita za kopa zilikuwa wazi kwenye safu nyingine. Nikazipandisha zote mbili juu ya ile nane mara moja, kwa furaha ya kuona kitu kinasogea. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuja kwa likizo, alikuwa ameegemea meza.

"Anti, ree si umeifunika?"

Nilikuwa nimeifunika kweli. Mwanzo ilikuwa chini ya karata moja, sasa iko chini ya tatu, na kila moja lazima ipate mahali pake peke yake.

"Rudisha basi ile sita."

"Hapa hakuna kurudisha, mwanangu."

Tisa ya kopa ilikuwa safu ya tisa, chini ya malkia mmoja tu. Ningemtafutia malkia pa kukaa kwanza, nane ingehamia kwa tisa, ree ingetoka, halafu saba na sita zingefuata bila kumzuia mtu. Siku hizi kabla ya kugusa karata yoyote natafuta ree zote nane na karata za mbili zote nane ziko wapi, kisha naamua ni safu ipi nitakayoimaliza kwanza. Safu tupu ndiyo mali ya mchezo huu. Ukiwa nayo moja unaweza kuhamisha karata mbili zilizofuatana: ya juu unaiweka pale kwa muda, ya pili inakwenda mahali pake, ya kwanza inaifuata. Safu mbili tupu zinakupa hadi karata nne. Ndiyo maana siijazi haraka na mfalme, hata kama anaonekana kufaa pale.

Nyuma ya daftari langu la vipimo nimeandika michezo 61 tangu Januari. Nimeshinda mitano. Kila mmoja wa hiyo mitano naweza kukueleza niliushindaje, jambo ambalo kwenye simu sikuliweza hata siku moja.

Sasa karata zenyewe. Zinafutika kwa kitambaa chenye maji na hazichakai pembe. Zikiwa mpya zinateleza mno. Kuchanganya 104 mkononi haiwezekani, kwa hiyo nazimwaga mezani, nazivuruga kwa viganja viwili, nazikusanya. Usiziache karibu na pasi. Upana ndio jambo nililopuuza nikajuta. Karata pana ni sentimita 6.3, safu kumi, ukiacha sentimita moja kati ya safu na safu, zinakula sentimita 72. Zile nyembamba za sentimita 5.7 zinakula 66. Kwenye meza yangu haidhuru, lakini kwenye meza ndogo ya sebuleni hizo sentimita sita ndizo za rundo la kutupia. Pima kwanza, ndipo ununue. Pakiti zikiwa na migongo ya rangi mbili tofauti pia ni sawa, na kuzitenganisha baadaye ni kazi ya dakika tatu.

Mimi siku hizi hata sizitenganishi. Jioni nikishafunika cherehani nazihesabu, na zikitimia 104 nawasha taa ya chaji nikapange safu ya kwanza.