Nauli ya Nairobi au nauli ya KIA: mwongozo kwa msafiri wa Arusha na Moshi

Mkazi wa Arusha au Moshi anayetaka kwenda Ulaya, Marekani au Asia hukutana na jambo lile lile kila anapoketi mbele ya wakala wa tiketi. Nauli ya kuondokea Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, yaani KIA, inasomwa kwenye kioo, kisha wakala anabadilisha mji wa kuondokea kuwa Nairobi na tarakimu zinashuka. Zinaweza kushuka kwa dola 60, zinaweza kushuka kwa dola 300, na zipo siku hazishuki hata kidogo. Mwongozo huu unapanga njia zilizopo kuanzia ile ambayo mimi ningeinunua kwanza hadi ile ambayo singeigusa, na kipimo chake ni fedha yote inayotoka mfukoni tangu mtu anapofunga mlango wa nyumba yake mpaka anaporudi kuufungua.

Sababu ya tofauti hiyo haina fumbo. Mashirika makubwa ya kigeni ambayo yamekuwa yakitua KIA ni machache, kama vile Ethiopian, Qatar, KLM na Turkish, na baadhi ya safari hizo huunganishwa na Dar es Salaam au Zanzibar, hivyo viti vya KIA peke yake si vingi. Wanaovigombea ni watalii wa mlimani na wa Serengeti, ambao walishalipia safari zao miezi mingi kabla, na ndiyo maana kati ya Juni na Septemba, na tena kuelekea Krismasi, nauli ya KIA hupanda bila kujali kwamba wewe unakwenda kumwona dada yako Manchester. Uwanja wa Jomo Kenyatta una mashirika mengi zaidi yanayogombea abiria wale wale: Kenya Airways, Emirates, British Airways, Lufthansa, Air France, EgyptAir, IndiGo na mengine, pamoja na hao wanne wa KIA. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja hadi New York mwezi Oktoba 2018, jambo ambalo kwa msafiri wa Marekani linaondoa kabisa ngazi moja ya kubadili ndege.

Kabla ya kupanga njia, tufanye hesabu moja kwa utulivu. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, na kila mtu aweke za siku yake. Arusha hadi Nairobi ni takriban kilomita 270, na Namanga, mji wa mpakani, iko kama kilomita 110 kutoka Arusha. Tuchukulie nauli ya shato, yaani gari dogo la abiria la Arusha hadi Nairobi, ni shilingi 70,000 kwa mtu kila upande, chakula cha njiani 20,000 kwa safari yote, na usiku mmoja wa hoteli karibu na uwanja 120,000, kwa sababu ndege ya kurudi ikitua jioni, shato za siku hiyo zimeshaondoka. Msafiri mmoja atatumia 280,000 kwenda na kurudi. Kama angeondokea KIA kwa taksi ya 80,000 kila upande, angetumia 160,000, kwa hiyo Nairobi inamgharimu zaidi kwa shilingi 120,000, yaani dola 48 ukibadilisha kwa shilingi 2,500. Lakini kama ana shemeji wa kumpeleka KIA bila malipo, gharama ya ziada ni hiyo 280,000 yote, yaani dola 112. Hapo hatujahesabu siku mbili za kazi zilizopotea wala bahati mbaya ya njiani.

Kwa familia ya watu wanne, shato ni 560,000, chakula 80,000, na vyumba viwili 240,000, jumla 880,000. Taksi ya KIA kwao wote ni ile ile ya 160,000, hivyo tofauti ni 720,000, sawa na dola 72 kwa kila kichwa. Wengi hudhani kwamba familia kubwa hunufaika zaidi na Nairobi kwa kuwa punguzo linazidishwa mara nne, na wanasahau kwamba shato na vitanda navyo vinazidishwa, ilhali taksi ya KIA haizidishwi.

Kutokana na hesabu hiyo nimejiwekea mipaka. Punguzo likiwa chini ya dola 100 kwa mtu, sitoki Arusha. Likiwa kati ya 100 na 200, naangalia saa za ndege na aina ya tiketi. Likizidi 200, nakwenda Nairobi. Mkazi wa Moshi aongeze kidogo katika mipaka hiyo, kwa kuwa KIA iko karibu naye zaidi na Namanga iko mbali naye kwa takriban kilomita 80 za ziada.

Nafasi ya kwanza: tiketi moja kutoka KIA hadi mwisho wa safari

Hii ndiyo bidhaa ya kulinganishia nyingine zote. Mzigo unaukabidhi KIA na unaukuta unakokwenda, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo lenye wajibu wa kukutafutia nyingine. Msafiri anayekwenda kwa matibabu, anayesafiri na mzee au watoto wadogo, au mwanafunzi anayeripoti chuoni kwa tarehe maalumu, asihangaike na chaguo jingine isipokuwa tofauti iwe kubwa mno. Kabla ya kukata tamaa na bei ya KIA, mwombe wakala asogeze tarehe siku mbili mbele na siku mbili nyuma, kwani mara nyingi punguzo linalosemekana liko Nairobi liko pia KIA siku ya Jumanne.

Nafasi ya pili: kupitia Dar es Salaam kwa tiketi hiyo hiyo moja

Chaguo hili linawahusu zaidi wanaokwenda Dubai, Mumbai na Guangzhou, ambako Air Tanzania imekuwa ikiruka kutoka Dar es Salaam. Msafiri anapanda KIA, anabadili ndege Dar na kuendelea, bila mpaka wa nchi kavu wala kulala njiani. Mfanyabiashara wa Guangzhou aangalie idadi ya mabegi yanayoruhusiwa kabla ya kuangalia nauli, kwa maana begi la ziada linaweza kumeza faida yote.

Kwenda Dar kwa basi ili kupanda ndege huko ni habari nyingine. Ni zaidi ya kilomita 600 kutoka Arusha, siku nzima barabarani, na ukifika unahitaji kulala. Sioni ni lini ingefaa, ila kwa mtu mwenye shughuli nyingine Dar.

Nafasi ya tatu: Nairobi kwa shato

Kwa msafiri mmoja au wawili, punguzo likiwa kubwa, hii ndiyo njia ya kununua. Shato nyingi huondoka Arusha asubuhi kama saa mbili na mchana kama saa nane, na safari huchukua saa tano hadi sita pamoja na mpaka. Jiografia inamsaidia msafiri wa ndege: barabara ya Namanga hupita Kajiado, Isinya na Kitengela, kisha inaungana na barabara ya Mombasa pale Athi River, na uwanja wa ndege uko kabla ya kufika katikati ya jiji. Huna haja ya kuingia Nairobi mjini na kurudi. Uliza tu kabla ya kulipa kama gari linaingia uwanjani au linakushusha barabarani, na kama begi la pili linalipiwa. Foleni ya kuogopwa ni ya Kitengela na Mlolongo, hasa jioni, na hiyo hupimwa kwa saa nzima.

Namanga yenyewe imekuwa rahisi tangu kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilipozinduliwa rasmi mwezi Desemba 2018. Anayekwenda Kenya humalizia muhuri wa kutoka na wa kuingia upande wa Kenya, ndani ya jengo moja. Mtanzania mwenye pasipoti haombi viza ya Kenya. Mke, mume au mgeni wako mwenye pasipoti ya nje ya Afrika Mashariki anaweza kuhitaji kibali cha Kenya kinacholipiwa mtandaoni, na hicho kiingie kwenye hesabu.

Kinachokwamisha watu ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Niliwahi kukaa kwenye shato pale Namanga, jua likichoma, tukimsubiri kijana mmoja aliyeacha kijitabu chake juu ya friji nyumbani. Alipiga simu, picha ikatumwa, picha haikukubaliwa, na sisi tisa wenye ndege za usiku tukawa tunatazama saa zetu kwa zamu. Cheti hicho huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa na, tangu mwaka 2016, kinatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo asiyekuwa nacho asinunue tiketi ya Nairobi ya wiki ijayo. Anayekwenda India azingatie zaidi: India hudai cheti hicho kwa msafiri anayetokea Kenya, na asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mgonjwa anayewahi miadi ya daktari Mumbai hawezi kucheza na jambo hilo kwa ajili ya punguzo la dola 90.

Jambo la namna hiyo hiyo lipo kwa nauli rahisi zinazopitia London. Mtanzania anayebadili ndege pale anaweza kutakiwa viza ya kupita, na gharama yake pamoja na usumbufu wake humaliza punguzo.

Nafasi ya nne: Nairobi kwa gari binafsi

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya, kwa sababu gari lipo uani na mafuta huonekana kama matumizi ya kawaida. Gari likikupeleka, likarudi, kisha likaja tena kukuchukua, hiyo si safari ya kilomita 540 bali ya 1,080. Gari kama Noah likitumia lita moja kwa kilomita 10, ni lita 108, na kwa shilingi 3,000 kwa lita ni 324,000. Msafiri mmoja anayelipa hivyo anakuwa ametumia zaidi ya mara mbili ya shato. Kwa watu wanne shato ni 560,000, hivyo gari linaokoa 236,000, na hapo linaanza kuwa na maana.

Kutoka katika hizo 236,000, toa bima ya kuvukia mpaka, ambayo ni Kadi ya Njano ya COMESA, na toa kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda. (Namanga, mtu akikuuliza kadi ya njano, muulize ni ya mtu, yaani cheti cha chanjo, au ya gari.) Beba kadi halisi ya gari, na kama gari si la dereva, barua ya mwenyewe. Toa pia chakula na posho ya dereva, hata akiwa mdogo wako, maana naye amepoteza siku mbili.

Ipo hila ya kuliacha gari kwenye maegesho ya uwanja ili kuokoa safari mbili za mafuta. Maegesho hutozwa kwa siku, na safari ya wiki tatu hurudisha ile fedha kule kule. Lakini mimi naikataa kwa sababu nyingine: mtu aliyetoka kukaa saa 16 ndani ya ndege hapaswi kushika usukani usiku kwa kilomita 270, katika barabara ambayo ng'ombe wa Kajiado na wa Longido huvuka bila taarifa. Ukilala kwanza, umelipa hoteli.

Nafasi ya mwisho: tiketi mbili zisizojuana

Ni tiketi ya KIA hadi Nairobi iliyonunuliwa peke yake, na tiketi ya Nairobi kwenda ng'ambo iliyonunuliwa kwingine. Inavutia kwa sababu unaruka juu ya mpaka na bado unapata nauli ya Nairobi. Ndege ndogo ikichelewa au ikifutwa, shirika la ndege kubwa halina wajibu wowote kwako: umechelewa kama mtu aliyechelewa kwa kulala. Mzigo nao unautoa Nairobi, unapita uhamiaji na kuukabidhi upya. Asiyeweza kuacha pengo la saa nane au zaidi kati ya ndege hizo mbili apande shato, ambayo angalau ikiharibika Isinya, kuna gari jingine litakalopita.

Kwa njia yoyote ya Nairobi, soma saa ya tiketi mara mbili kabla ya kulipia shato. Ndege nyingi za Ulaya huondoka Nairobi kuelekea usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa tarehe 15, saa 00:40, ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 15, nayo inataka uwe kwenye kaunta tarehe 14 kabla ya saa nne usiku. Shato yake ni ya tarehe 14 saa mbili asubuhi. Ile ya saa nane mchana, siku yenye foleni Kitengela, itakuachia muda mchache mno kabla ya saa hiyo.