Domane au Emonda za mtumba, saizi 56: uchukue ipi?

Tuseme una urefu wa kama mita 1.78, umepata baiskeli mbili za barabarani za Trek za mtumba, Domane na Emonda, zote zimeandikwa 56, bei zinakaribiana. Mi nakwambia chukua Domane, ila ngoja nikueleze kwa nini, maana hiyo 56 kwenye stika haikwambii utakaaje juu ya baiskeli.

Vipimo vya kuangalia ni viwili tu, staki na richi. Staki unapima kwenda juu, kuanzia usawa wa ekseli ya kati ya fremu, ile inayoshika mikono ya pedali, mpaka mdomo wa juu wa lile bomba la mbele la fremu, pale stiara (lile bomba la juu la foku) inapochomoza. Richi ni hapohapo ila unapima kwenda mbele. Domane SL za 2020 hadi 2022, saizi 56, staki mm 591 na richi mm 377. Emonda SL kuanzia za 2021 ni mm 563 na 391. Yani Emonda mbele iko chini kwa karibu sm 3, na ni ndefu kwa sm 1.4. (Emonda SL za zamani zaidi usizipime kwa namba hizi, kuna zilizotoka na umbo la fremu ambalo Trek wanaliita H2, zile mbele ziko juu kidogo.)

Sasa watu wengi wakiona hiyo sm 1.4 wanaogopa wanasema Emonda ni ndefu, watavutika mgongo. Sio kweli sana. Bomba la mbele limelala kurudi nyuma, kwa hiyo kila ukiongeza sm 1 ya spesa (zile pete za kuinulia) chini ya stemu (kile kipande kinachoshika usukani), usukani unapanda lakini pia unarudi kwako kama mm 3. Ukiipandisha Emonda mpaka ilingane na Domane, richi yake inashuka mpaka kama 382, tofauti inabaki mm 5 na hiyo stemu fupi kidogo inaimaliza. Shida ni kwenda juu, na hapo kwenye mtumba ndo kuna mtego: mwenye baiskeli wa kwanza alikuwa anapenda kuinama kama wa kwenye Tour de France, akatoa spesa zote akakata stiara. Stiara ikishakatwa ndo basi, labda ununue foku nyingine. Kama stemu ni ya kawaida, mm 100 digrii 7, na ilikuwa imeelekea chini, ukiigeuza unapata sm 2 na kitu, inasaidia ila huo ndo mwisho.

Kwa hiyo mpangilio wangu uko hivi. Ya kwanza Domane 56, haina mahesabu mengi, unakaa vizuri bila kurundika spesa, magurudumu yameachana sm 101 dhidi ya 98.3 za Emonda kwa hiyo haichezichezi ukiiachia mteremkoni, na inapokea tairi mpaka mm 38, Emonda inaishia 28. Kwa lami zetu za viraka na matuta hiyo peke yake inatosha kuamua.

Ya pili Emonda 56 ambayo stiara haijakatwa, hasa kama we ni mtu wa milima au unashindana na mgongo wako unainama bila malalamiko, ile kitu inakata kona vizuri sana na ni nyepesi. Ya tatu ni Emonda 58, ambayo muuzaji atakwambia "chukua kubwa, iko juu zaidi". Iko juu ndio, staki 581, lakini richi inakuwa 396, na ukiipandisha kufikia Domane bado ni ndefu kuliko Emonda 56 iliyopandishwa hivyohivyo, kwa zaidi ya sm 1. Emonda 56 iliyokatwa stiara sijaiweka kabisa kwenye orodha, hata ikiwa bei ya kutupa.

Ukienda kuona beba futi kamba. Pima mguu wako kwa ndani, kutoka msambani mpaka chini, peku, zidisha kwa 0.883, hiyo ndo kama urefu wa siti kutoka katikati ya ile ekseli ya kati ya fremu (mguu wa sm 84 unapata kama 74). Weka siti hapo kwanza, ndo uangalie usukani umeshuka kiasi gani chini yake, halafu mwambie muuzaji afungue kifuniko cha juu cha stemu uone stiara imebaki kiasi gani. Akikataa kufungua, ondoka.