Kamera ya USB yenye lenzi ya kuvuta kwa mkono, maoni ya fundi cherehani wa Mwanjelwa

Niseme mapema ili mwenye haraka aende zake. Kama video call zako ni za vikao, unaonekana uso na mabega basi, hii kamera usinunue, utatoa hela halafu utaichukia. Ila kama kazi yako ni kuonesha kitu, tena kitu kidogo, kwa watu walio mbali na wewe, hapo tuongee.

Mimi ni fundi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mchana nashona, jioni nafundisha kushona kwa Google Meet, wengi wa wanafunzi wangu ni akina mama na mabinti wa Tukuyu, Makambako, Mafinga na wachache Dar, watu wenye cherehani nyumbani ila wamekwama kwenye zipu ya kuficha, kola ya shati, mfuko wa suruali, vitu hivyo. Sasa jamani kushona ni kazi mbaya kweli kuonesha kwenye video. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, sindano inashuka pale pale unapotaka watu waone, halafu mkono wako mwenyewe unaziba. Nilikuwa natumia kamera ya laptopu, nakisogeza kitambaa pale juu ya kioo, na kila darasa lazima mmoja aseme "Madam, mbona huku tunaona ukungu tu?" Na wana haki, kamera nyingi za laptopu fokasi yake imefungwa kiwandani kwa umbali wa mtu aliyekaa mezani, ukileta kitu karibu sana hazina cha kufanya.

Wengi watakwambia tumia simu. Simu ni nzuri, na kama ndo unaanza anza nayo kabisa, usikimbilie kununua vitu. Shida kwangu simu ndo ya wateja na ndo ya M-Pesa, sasa ikiwa juu ya stendi inafundisha halafu mtu akapiga kuulizia gauni lake la sendofu, darasa lote linasimama.

Basi nikaagiza hii. Maduka ya kompyuta niliyopita hapa mjini wana zile za kawaida za kubana juu ya kioo, hii ilibidi itoke Kariakoo ije na basi, laki mbili na nusu ukijumlisha na nauli ya mzigo. Jina la maana haina. Ni kiboksi cha chuma, nyuma kinatoka waya wa USB, mbele imefungwa lenzi ya 5-50mm (kwenye 5 unaona eneo pana, kwenye 50 umevuta mpaka mwisho), jamaa yake na zile lenzi za kamera za CCTV. Ukiiweka mezani inaonekana kama kikombe cha chai kilicholala. Lenzi ina ringi tatu, moja ya kuvuta picha (zoom), moja ya fokasi, moja ya kufungua na kubana mwanga, na kila ringi ina skrubu kidogo ya kuikaza isihame. Hakuna mota, hakuna rimoti, kila kitu ni vidole vyako. Ukichomeka kwenye Windows inaonekana yenyewe bila kuinstoli chochote, na kwenye Meet au Zoom unaichagua tu kwenye orodha ya kamera.

Sasa kwa nini uhangaike na lenzi wakati hata programu zina kuvuta kwa kubonyeza? Hapa ndo penyewe, maana watu wengi hawaelewi. Ukivuta kwa programu unakata tu kipande cha picha na kukitanua, picha ya pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 1920 kwa 1080 ukiivuta mara mbili umebaki na 960 kwa 540, umekuza ukungu. Lenzi inavuta kabla picha haijaingia kwenye sensa, kile kichipu cha ndani kinachopokea picha. Halafu kuna suala la mtandao, hizi programu za video call zinaibana sana picha kabla ya kuituma, hasa bando likisuasua, na vitu vidogo vidogo ndo vinaliwa kwanza.

Chukua mshono wa kawaida, urefu wa tundu hadi tundu ni mm 2.5 hivi. Sensa za kamera hizi upana wake ni kama mm 5, kwa hiyo ringi ikiwa kwenye 5mm, kitu kilicho mita 1 mbele utaona eneo la upana wa kama mita 1. Video ya kwenye call ikiwa na pikseli 1280 kwa upana, mshono wako mmoja umepata pikseli 3. Tatu! Hapo mwanafunzi aone nini. Zungusha mpaka 50mm, kwa umbali ule ule sasa unaona sm 10 tu, na mshono mmoja unapata pikseli 32. Hata mtandao ukiibana picha namna gani, mshono wenye pikseli 32 unabaki unaonekana ni mshono. Ndo maana sasa mtu wa Makambako mwenye mtandao wa kuungaunga ananiambia yeye mwenyewe kwamba nimeruka tundu, kabla mimi sijaona.

Na faida nyingine ambayo sikuitegemea kabisa, kamera inakaa mbali. Haipo puani kwa cherehani, haizibi taa, mkono hauigongi. Mimi naiweka umbali wa mita moja na ushee upande wa kushoto, juu kidogo, inaangalia mguu wa cherehani, kile kibati kinachokandamiza kitambaa pale kwenye sindano. Usijaribu kuiweka karibu, hizi lenzi zikivutwa sana hazishiki fokasi ya kitu kilicho puani kwake.

Haya, mateso sasa, maana yapo.

La kwanza ni fokasi. Wale wapiga video wa harusi watakwambia vuta mwisho, shika fokasi, halafu rudisha nyuma picha itabaki safi. Kwenye lenzi ya namna hii haiwi hivyo, kila ukigusa ringi ya kuvuta fokasi nayo inahama, lazima uishike upya. Kwa hiyo kama unawaza utakuwa unavuta na kuachia huku unaongea kama kwenye TV, sahau, katikati kunakuwa na sekunde kadhaa za ukungu na wanafunzi wanakaa wanasubiri. Nilichofanya nimechora alama na kalamu nyeupe kwenye ringi zote, alama ya meza nzima na alama ya mguu wa cherehani, naruka kutoka moja kwenda nyingine, na zile za katikati sizitumii kabisa. Na fokasi unaishika ukiangalia kioo kikubwa, usiangalie kile kipicha chako kidogo cha pembeni, pale kila kitu kinaonekana safi.

La pili ni kutikisika, na hili fundi mwenzangu lichukue kwa uzito. Ukiwa kwenye 50mm unaona sm 10 tu, sasa cherehani likinguruma meza nayo inatetemeka, na tetemeko ambalo kwa macho hulioni huko kwa wanafunzi picha inaruka mpaka mtu anapata kizunguzungu. Kamera isikae kwenye meza ya cherehani. Kabisa. Chini ya kiboksi kuna tundu la skrubu ya robo inchi, ile ile ya tripodi za kawaida, nunua tripodi inayosimama sakafuni, na kama sakafu ni ya mbao nakuonea huruma. Hata waya wa USB uache legelege usiivute kamera.

Mwanga. Ukivuta, picha inaingia giza, ndo tabia ya lenzi hizi, zikiwa ndefu zinapitisha mwanga kidogo. Utasema basi nafungua ringi ya mwanga mpaka mwisho, sawa, lakini ukifungua sana eneo lililo kwenye fokasi linakuwa jembamba, sindano safi ila kitambaa sm chache nyuma yake ni maziwa. Ukibana, vingi vinashika fokasi ila giza. Dawa ni taa, taa, taa. Hapa kwetu masika yakishika, mawingu yanakaa juu ya Loleza kutwa nzima, saa tisa mchana ndani kama saa moja jioni, bila taa ya pembeni hii kamera ni pambo. Nina taa mbili za LED za kawaida, moja inatoka ubavuni ili mshono utoe kivuli, uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi unaonekana kwa kivuli chake wala sio kwa rangi.

Na ukiona mistari inapanda na kushuka kwenye picha ukiwasha taa, kamera haijaharibika. Umeme wetu ni wa 50Hz na kamera nyingi zinakuja zimewekwa 60Hz, ingia kwenye mipangilio ya kamera ubadilishe, mistari inaisha au inapungua sana. Nimekutana na mtu aliyetaka kuirudisha dukani kwa sababu hiyo tu.

Kingine cha kitaalamu kidogo ila kinasumbua wengi, picha inakuja kama slaidi, inakatakata wakati bando lipo. Angalia kamera inatuma kwa mtindo gani. Picha ya 1920 kwa 1080 ikipita bila kubanwa, mtindo wanaouita YUY2, kwa fremu 30 kila sekunde inahitaji karibu megabiti 1,000 kwa sekunde, na USB 2.0 mwisho wake kwenye makaratasi ni 480. Haipiti, kwa hiyo kamera inapunguza fremu mpaka unaonekana roboti. Chagua MJPEG, mtindo unaobana kila picha kabla ya kuituma. Mimi napitishia kwenye OBS, programu ya bure, hapo unachagua mwenyewe, halafu Meet inapokea kutoka kwa OBS. Laptopu ya zamani itapiga feni kidogo, vumilia.

Maiki hii ya kwangu haina, tumia earphone. Na umeme ukikatika kamera inakula kwa laptopu, darasa linaendelea kama betri ipo, ila taa zimezima so tunabaki tunapiga stori.

Kwa uso wangu je? Nimeitumia pia kwa kikao cha vikoba na kwa kuongea na mteja mmoja wa Dar wa sare za kwaya. Picha ni nzuri kusema ukweli, ukikaa mbali nayo na kuvuta kidogo pua haivimbi, na nyuma inaonekana sehemu ndogo tu ya ukuta kwa hiyo rundo la vitenge halionekani, wateja wanadhani nina ofisi. Lakini fokasi haikufuati. Ukiinama kuandika, ukiegemea kiti, umeshakuwa ukungu, na ukiwa mtu wa kuongea kwa mwili mzima kama mimi ni adhabu. Kwa hizo kazi kamera kama Logitech C920 ina fokasi inayojitafutia yenyewe, upana wa nyuzi 78 ukipima kona hadi kona, na maiki ndani, kachukue ya namna hiyo ulale.

Vumbi la pamba nalo, chumba cha fundi mnakijua. Usifute lenzi na kitenge hata kiwe laini vipi, puliza kwanza na kile kipira cha kupulizia, ndo ufute na kitambaa cha miwani. Kifuniko rudisha kila ukimaliza. Na zile skrubu za ringi usizikaze kwa nguvu, ni laini, ya kwangu moja ilikuja kutoka dukani tayari imeliwa nyuzi, nimeifunga na mpira wa nywele na kazi inaenda.

Jambo zuri la mwisho, lenzi inafunguka. Ni ya kufunga kwa mtindo wa CS, unaweza kuweka nyingine, ila ukipata lenzi ya mtindo wa C lazima katikati uweke ringi ya mm 5, bila hiyo hutapata fokasi ng'o, usije ukamlaumu aliyekuuzia. Mimi 5-50mm naona upande wa upana inanibana, siku nafundisha kukata kitambaa mezani inabidi kamera iende mpaka mlangoni. Nataka 2.8-12mm ya CS kwa ajili ya siku za kukata. Kama kuna mtu anayo hapa Mbeya, Kabwe, Soweto, hata Uyole nitafika, aniambie bei, maana ya Dar nauli ya mzigo nishachoka nayo.