Huduma za Kibalozi za Komoro: Tathmini ya Mtu wa Upande wa Dar es Salaam

Mgeni anayekwenda Moroni, mji mkuu wa Komoro, hahitaji kupita ubalozini kwanza. Viza huipata akishateremka uwanja wa ndege wa Hahaya, kaskazini mwa mji, naye hulipa kwa yuro au kwa faranga ya Komoro, ambayo thamani yake imefungwa kwa kiwango kisichobadilika cha faranga 491.96775 kwa yuro moja, hata hana sababu ya kuhangaika na bei ya siku. Kwa hiyo anayetaka kujua dirisha la viza hufunguliwa saa ngapi hatafaidika sana na tathmini hii. Ninachopima hapa ni ile huduma nyingine, ambayo mimi, mtafsiri wa hati za Kifaransa na Kiswahili, nimekuwa nikiwasindikiza watu kuitafuta kwa miaka kadhaa: namna nchi ya visiwa vitatu, Ngazija, Nzwani na Mwali, yenye watu wasiofika milioni moja, inavyowahudumia raia wake wakiwa ugenini.

Dar es Salaam ndiko huduma hiyo ilikokomaa, na sababu zake ni kongwe kuliko ubalozi wenyewe. MOLINACO, chama cha kupigania uhuru wa visiwa hivyo, kiliundwa na Wakomoro waliokuwa wakiishi Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikaendesha harakati zake kutoka mji huu hadi karibu na uhuru uliotangazwa tarehe 6 Julai 1975, hivyo Komoro ilikuwa na wawakilishi hapa kabla haijawa dola. Ukiongeza Wangazija wa Unguja, waliooana na wenyeji vizazi kwa vizazi, utaelewa kwa nini anayefika ubalozini na shida hachukuliwi kama mtu baki. Wanaofika ni wagonjwa waliokuja kutibiwa katika hospitali za jiji, wafanyabiashara wanaofunga mizigo Kariakoo, wanafunzi, na mara nyingine jamaa wa marehemu wanaotaka kuusafirisha mwili. Lugha rasmi za nchi hiyo ni Kikomoro, Kifaransa na Kiarabu, lakini sijawahi kumwona mtu akikwama ubalozini kwa kujua Kiswahili peke yake. Jambo moja tu humtatiza Mswahili mara ya kwanza: ukimtendea Mkomoro wema atakujibu "marahaba", nawe ukabaki ukijiuliza ni lini ulimwamkia. Kwao neno hilo ni ahsante.

Kasoro niliyoiona upande huu haikuwa ya ubalozi. Hospitali moja, ambayo sina haja ya kuitaja, iliikataa barua ya rufaa ya mgonjwa wangu kwa kuwa ilikuwa ya Kifaransa, ikadai tafsiri yenye muhuri, na hiyo ilikuwa Ijumaa alasiri. Nchi mbili zilizo karibu kiasi hiki, ambazo moja yao ilipeleka wanajeshi wake Nzwani mwezi Machi 2008, pamoja na wa Sudan na chini ya Umoja wa Afrika, kulisaidia jeshi la Komoro kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa akikitawala kisiwa hicho kwa kuikaidi serikali ya Moroni, zingeweza kukubaliana fomu moja ya rufaa ya mgonjwa katika lugha mbili.

Nje ya Dar es Salaam mtandao ni mwembamba, na hapo alama zinaanza kushuka. Ubalozi upo Paris, ambako raia ni wengi, na upo Beijing, kwa kuwa China ilianzisha uhusiano na Komoro tarehe 13 Novemba 1975, siku moja tu baada ya visiwa hivyo kupokewa Umoja wa Mataifa. Huko New York, mwakilishi wa kudumu katika Umoja wa Mataifa ndiye pia amekuwa akibeba kofia ya balozi nchini Marekani. Marekani yenyewe ilifunga ubalozi wake wa Moroni mwaka 1993, na siku hizi mambo ya Komoro hushughulikiwa kutoka Antananarivo, Madagaska, ng'ambo ya bahari. Siilaumu nchi ndogo kwa kutokuwa na nyumba kila mji mkuu. Ninachouliza ni jinsi inavyochagua miji hiyo michache. Mnamo Desemba 2019 Komoro ilifungua ubalozi mdogo Laayoune, Sahara Magharibi, kwa kuiunga mkono Morocco, inayodai eneo hilo ni lake, katika mji ambao ni vigumu kumfikiria Mkomoro anayehitaji pasipoti mpya. Ofisi ya namna hiyo ipo kwa ajili ya urafiki wa serikali mbili, na raia hana foleni ya kupanga pale.

Misimamo nayo imeyumba kwa namna inayomgharimu msafiri. Rais Mahmoud Ahmadinejad wa Iran alikaribishwa Moroni Februari 2009 kwa shangwe. Januari 2016 Komoro ikavunja uhusiano na Iran, ikiifuata Saudi Arabia, na Juni 2017 ikaikata Qatar vilevile. Mwanafunzi au kibarua aliyeko katika nchi inayokatwa hivyo huamka asubuhi akiwa hana ofisi ya kwenda, kwa ugomvi ambao haukuanzia visiwani kwake.

Sehemu ninayoipa alama za chini kabisa ni pasipoti. Mwaka 2008 ilipitishwa sheria ya uraia wa kiuchumi, na kwa mpango uliofuata maelfu ya pasipoti yalitolewa kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote, wale waitwao Bidoon, hasa katika Falme za Kiarabu, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga Ngazija wala Mwali. Fedha zilizotarajiwa kujenga barabara na bandari zikazua kashfa. Bunge likachunguza, likatoa ripoti mwaka 2018, na Novemba 2022 Rais wa zamani Ahmed Abdallah Sambi akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, mbele ya mahakama ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. Kelele za kesi zimepungua, lakini shaka imebaki kwenye pasipoti yenyewe. Mteja wangu mmoja, mzaliwa wa Mitsamiouli kisiwani Ngazija, alishikiliwa saa kadhaa katika uwanja wa ndege wa nchi nisiyoitaja, akitakiwa athibitishe kwamba ni Mkomoro wa kweli. Aliambiwa azungumze lugha ya kwao, lakini hapakuwa na afisa hata mmoja wa kuielewa.

Haki ya kusema mema ni lazima niitimize. Mwaka 2023 Rais Azali Assoumani aliongoza Umoja wa Afrika, na mwaka 2024 nchi ikaingia Shirika la Biashara Duniani baada ya majadiliano marefu. Kwa wizara yenye watu wachache na fedha kidogo, kazi hiyo si haba.

Palipo na uhitaji mkubwa zaidi, hata hivyo, hakuna huduma ninayoweza kuipima. Ufaransa ilibaki na Maore (Mayotte), kisiwa cha nne cha funguvisiwa hilo, ambacho Komoro hukidai kuwa chake, kwa sababu wengi wa wakazi wake waliukataa uhuru katika kura ya Desemba 1974, na Februari 1976 ikatumia kura yake ya turufu kulizuia azimio la Baraza la Usalama kuhusu kisiwa hicho. Tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995, watu wa Nzwani huvuka usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwasa-kwasa, kiasi cha kilomita 70 za maji, na wengi wamezama. Wanaofika hukamatwa, hurudishwa, huugua, huzaa, na kila jambo katika hayo ni kazi ya afisa wa ubalozi. Lakini Komoro haiwezi kufungua ubalozi mdogo Mamoudzou, mji mkuu wa Maore, bila kukiri kwamba Maore ni ardhi ya nchi nyingine.